Uzi: Mpwa wangu anataka kuacha benki akafundwe uprodyuza wa maigizo New York. Shida ya weusi huko ni shule au ni mtaji?

#1 Mshika Pazia
Wakuu, habari za jioni. Nipo New Jersey. Huu ni mwaka wa saba kazi yangu ni kuonyesha watu viti kwenye jumba moja la maigizo pale Manhattan. Koti jekundu, tochi ndogo, "zima simu mama". Kwa hiyo naandika kama mtu wa mlangoni, msinitegemee kwa nadharia.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana digrii ya uhasibu na anafanya kazi benki. Amepata nafasi kwenye programu ya kuwalea maprodyuza weusi wanaochipukia. Ni miezi kadhaa, posho kiduchu, na anakabidhiwa kwa prodyuza mzoefu awe anamfuata nyuma kila anapokwenda. Anataka kuacha benki. Dada kanipigia: "Kaka, prodyuza wa maigizo ndiyo kazi gani? Anaigiza au haigizi?" Nikamwambia prodyuza ndiye mwenye shughuli. Akanijibu, "Mwenye shughuli ni mwenye hela. Huyu wako hela anazo?"

Nikakosa jibu. Usiku, watu wakishakaa, huwa nasoma yale majina yaliyopangwa juu ya jina la igizo kwenye kijitabu. Unakuta ishirini, thelathini. Jukwaani weusi siku hizi wapo wa kutosha, lakini kwenye yale majina nawahesabu kwa vidole na mkono wa pili hauguswi. Na programu zimeota kama uyoga tangu 2020. Black Theatre Coalition wanawaweka vijana maofisini kwa malipo, Theatre Producers of Color wana kozi isiyo na ada, na nyingine nyingi.

Msimamo wangu, nipigeni mawe: zinazaa vyeti. Ujuzi weusi wanao, kinachokosekana ni mtaji. Nimwambie nini dada?

#2 chumvi nyingi
Mtu anaacha benki kwenda kutafuta hela. Nimekaa hapa na karanga zangu.

#3 Kapteni Dola
Mshika Pazia, uko sahihi nusu. Prodyuza hatoi hela yake, anatoa za watu. Analipia haki ya igizo kwa mwandishi kwa muda maalumu, anafungua kampuni kwa ajili ya igizo hilo moja tu, halafu anazunguka na bahasha. Hayo majina thelathini unayoyasoma, wanaoendesha kazi ni wawili watatu. Waliobaki kila mmoja kaleta fungu lake la wawekezaji, na jina juu ya bango ndiyo shukrani yake.

Kizingiti kiko kwenye sheria. Marekani mwekezaji anayekubalika kwenye dili za namna hii awe na kipato cha dola 200,000 kwa mwaka akiwa peke yake, 300,000 na mwenzi wake, au utajiri wa milioni 1 bila kuhesabu nyumba anayoishi. Muulize mpwa wako: una watu thelathini wa hivyo kwenye simu, na wakiona jina lako wanapokea? Kuna mtoto anawapata wote kwenye harusi ya binamu yake. Wako atawapata wapi? Kwenye kikao cha harusi cha wachaga wa New Jersey?

#4 Mkosoaji Na. 1
Marekebisho kidogo kwa #3. Si kila dili limefungwa hivyo, zipo njia za kuingiza idadi ndogo ya wasiofikia hivyo viwango. Na ipo njia ya kuandikisha hisa ziuzwe hadharani. Igizo la nyimbo la Godspell liliporudi Broadway (yale majumba makubwa ya maigizo ya New York) 2011 walifanya hivyo. Kiwango cha chini kilikuwa dola 1,000 na waliingia watu zaidi ya 700.

#5 Mtu wa Lang'ata
Sasa hiyo si chama cha kuchangishana tu jamani! Sisi Nairobi tumenunua ploti na matatu kwa chama, igizo litatushinda? Na si jambo geni. Igizo la A Raisin in the Sun mwaka 1959, prodyuza mweusi alichanga hivyo hivyo kidogo kidogo hadi ikafika Broadway. Shida ni woga, si mtaji.

#6 Mkosoaji Na. 1
#5 hapana, ndugu. Mwandishi Lorraine Hansberry alikuwa mweusi, na mwongozaji Lloyd Richards pia. Prodyuza Philip Rose alikuwa mzungu, mtu wa biashara ya santuri, na hakuwahi kupeleka igizo Broadway kabla ya hapo. Alizungusha bakuli zaidi ya mwaka mzima, akapata wachangiaji zaidi ya 140 wa fungu dogo dogo.

Na Godspell niliyoitaja haikurudisha hela za watu, ilifungwa 2012. Chama chako kingevunjika kwa matusi.

#7 Mtu wa Lang'ata
Asante kwa marekebisho, lakini umenipa nguvu. Rose hakuwa na shule wala uzoefu na alifika.

#8 Kapteni Dola
Alifika kwa sababu akipiga simu ilipokelewa. Tumerudi palepale.

#9 Profesa Kanzu
Nimesoma kimya, naona mnazunguka mti. Haya mambo ya kuwafunda watu weusi hayakuanza 2020. Mwaka 1966 Douglas Turner Ward aliandika makala gazetini New York akiuliza kama maigizo ya Marekani ni ya wazungu peke yao. Wakfu wa Ford ukatoa fedha, na 1967 yeye, Robert Hooks na Gerald Krone wakaanzisha Negro Ensemble Company. Walikuwa na jumba lao dogo Second Avenue, kundi la kudumu na mafunzo. Mwaka 1981 wakatoa A Soldier's Play, 1982 ikapata Pulitzer. Unajua lini ilifika Broadway? 2020. Na walioipeleka ni kampuni kubwa isiyo ya weusi.

Hapo ujuzi ulikuwepo, igizo lilikuwepo, tuzo ilikuwepo. Kisichokuwepo ni taasisi zao zenye nguvu ya kusubiri. Mwandishi mweusi wa maigizo August Wilson aliposimama kuhutubia Princeton mwezi Juni 1996 alisema hilo waziwazi: kati ya majumba 66 ya umoja wa maigizo ya mikoani, la weusi lilikuwa 1, Crossroads la New Jersey. Miaka 3 baadaye Crossroads wakapata Tony, tuzo kubwa ya maigizo Marekani, ile ya majumba ya mikoani. Kwa hiyo swali langu kwa mpwa: ukishafundwa, utakwenda kuprodyusi kwenye nyumba ya nani?

#10 Kapteni Dola
Hapa namuunga mkono Profesa. Broadway ina majumba 41 na wenye nayo wanahesabika. Baada ya makubaliano ya 2021 na Black Theatre United, umoja wa wasanii weusi wa maigizo, wenye majumba waliahidi kuyapa baadhi ya majumba majina ya wasanii weusi. James Earl Jones na Lena Horne yakabandikwa 2022, la August Wilson lilikuwepo tangu 2005. Jina liko ukutani, hati ya kiwanja iko kwa mwingine. Ukitaka jumba mwezi wa tatu, foleni unaikuta, na anayepanga foleni anawajua wateja wake wa miaka thelathini.

#11 Bi Kizimkazi
Hamjambo. Niko London, kusini ya mto. Nimepita programu ya namna hii huku, na nimesimamia maonyesho matano ya majumba madogo, kwa hiyo niachieni nafasi.

Mnazungumza kama vile mafunzo ni darasa la bajeti. Bajeti nilijifunza kwa wiki mbili. Kitu nilichopewa na mlezi wangu (mie humwita somo, maana alinifunda kweli) ni hiki. Jumamosi usiku, onyesho la pili limeisha, watu wanavua mavazi, sisi tunaingia kichumba cha nyuma ya dirisha la tiketi. Meneja wa jumba anasukuma karatasi. Juu mauzo ya wiki, chini makato: ada ya kadi, wafanyakazi wa mlangoni, usafi, umeme, matangazo. Mie ningetia saini nikalale. Somo akatoa penseli, akaanza kushuka mstari mmoja mmoja. Akafika kwenye "matengenezo". Hakusema neno, aliweka ncha ya penseli pale akamtazama yule meneja. Dakika nzima. Meneja akacheka, akafuta. Pauni mia nne na kitu. Tukashuka mstari mwengine.

Hilo halimo kitabuni. Na siku yangu nilipokaa peke yangu na karatasi ile, mkono ulinitetemeka lakini penseli nilikuwa nayo.

Profesa anasema majumba, mie nasema mtu wa kulishika igizo likiwa bado dogo. For Black Boys ya Ryan Calais Cameron ilianza 2021 jumba la New Diorama, viti 80. Ikaja jumba la Royal Court 2022, ikaingia Apollo, West End (ndiyo Broadway ya London), 2023. Igizo haliruki lenyewe kutoka viti 80. Lazima kuna watu wamelibeba begani, wamepiga simu, wamejaza fomu.

#12 chumvi nyingi
Kwa hiyo mafunzo yote yale ni ya penseli. Mpwa anunue dazeni, abaki benki.

#13 Bi Kizimkazi
Chumvi nyingi, wewe ungetia saini hata kabla hawajaandika.

#14 Mama Kunda
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi ni wa Atlanta, na kazi yangu ya pembeni miaka mingi ilikuwa kuuza tiketi za maigizo makanisani. Wote mmesahau mtu mmoja: mtazamaji.

Tyler Perry alitoa igizo lake la kwanza hapa Atlanta 1992 kwa akiba yake ya dola 12,000, ukumbi ukawa mtupu. Hela ikaisha. Ilimchukua mpaka 1998 igizo hilohilo kujaza ukumbi. Hakuna aliyempa cheti. Alijifunza kwamba watu wake wako kanisani, na kanisani huendi na bango, unaenda na mchungaji na kwaya.

Nawapa kisa changu. Igizo moja kubwa la ziara lilikuja hapa, waigizaji weusi watupu. Nikaandika ofisini kwao niombe bei ya kundi: mabasi mawili, akina mama 110, kofia na kila kitu. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Igizo lilishaondoka kwenda mji mwingine! Kwenye ile ofisi hakuna aliyejua akina mama 110 ni nini. Wangekuwa na kijana mmoja tu aliyelelewa na bibi wa kanisani, angenipigia jioni ileile.

Stephen Byrd na Alia Jones-Harvey walilijua hili. Waliingia Broadway wakitokea mambo ya fedha, na 2008 wakaleta Cat on a Hot Tin Roof ya weusi watupu, Debbie Allen akiongoza na James Earl Jones akicheza. Watazamaji weusi walijaa mle. Kwa hiyo si shule wala mtaji, ni kumjua unayemuuzia.

#15 Mkosoaji Na. 1
Mama Kunda, marahaba yako nimeipokea ingawa huenda mimi ni mkubwa kwako. Kisa chako kizuri, ila umejijibu mwenyewe: Byrd na mwenzake walitokea mambo ya fedha. Ujuzi wa watazamaji ulikuja juu ya simu zinazopokelewa.

#16 Mama Kunda
Na wangekuja na simu bila akina mama 110 wangefunga wiki ya pili. Tusibishane mwanangu.

#17 Mshika Pazia
Hapo kwenye kufunga naomba niseme nilichokiona. Vuli ya 2021 tulipofungua baada ya korona, zilikuja tamthilia saba za waandishi weusi kwa msimu mmoja. Sisi wa mlangoni tulikuwa tunapigiana simu, "kwenu leo vipi?" Thoughts of a Colored Man ilikuwa na maprodyuza weusi, akina Brian Moreland na marehemu Ron Simons. Desemba waigizaji wakaugua, mwandishi mwenyewe Keenan Scott II akapanda jukwaani kuziba nafasi. Kesho yake, tarehe 22, wakafunga moja kwa moja.

Mwaka uliofuata Ain't No Mo', Lee Daniels akiwa prodyuza. Ilifunguliwa Desemba 1, ikafungwa Desemba 23. Watu maarufu walinunua maonyesho mazima wayagawe bure ili iongeze siku, na ikaongeza siku chache tu. Baadaye ikapendekezwa Tony sita, jumba likiwa na igizo jingine tayari.

Hawa hawakukosa shule, na mtazamaji alikuwepo. Nilimwona: mabinti wanalia kwenye ngazi, hawataki kutoka. Sasa tuseme nini?

#18 Kapteni Dola
Akiba. Igizo jipya linahitaji wiki nane, kumi, za kupata hasara huku habari zikisambaa mdomo kwa mdomo. Mwenye mfuko mnene anazivuka. Igizo la nyimbo la The Wiz, 1975, prodyuza Ken Harper, mweusi, ametokea redioni. Usiku wa ufunguzi tangazo la kufunga lilishabandikwa nyuma ya jukwaa. Nyuma yake kulikuwa na kampuni ya filamu ya 20th Century Fox. Wakaongeza hela, wakatoa tangazo la televisheni, watu wakaja. Maonyesho 1,672 na Tony saba. Harper huyohuyo bila Fox angekuwa hadithi ya wiki moja, na leo tungesema "hakufundwa vizuri".

#19 Kobe Mzee
Vijana mnanikumbusha mbali. Mimi nilikata tiketi mlangoni kwenye maonyesho ya vikundi vya utamaduni Dar, miaka ile ya Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga na TOT ya Kapteni Komba. Usiku mmoja ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, mwisho taarabu mpaka alfajiri. Nani aliwafunda kuendesha vile? Mwenye baa anachukua bia, kundi linachukua mlango. Mkuu wetu alikuwa hajui bajeti ya maandishi, lakini kabla pazia halijafunguliwa anapita nyuma ya kaunta anahesabu kreti tupu. Kreti tatu, anaongeza kichekesho. Kreti kumi, analeta igizo refu, maana watu wameshatulia na hawaondoki.

Nimeishi na utingo waliokuja kuwa wenye mabasi. Kazi hii ni utingo. Unaning'inia mlangoni miaka mitano.

#20 chumvi nyingi
Shikamoo mzee. Sasa tuambie ukweli, Muungano na TOT nani alikuwa moto?

#21 Kobe Mzee
Marahaba. Muungano. Hata kaburini nitasema hivyo.

#22 mpenzi wa mipasho
Mzee usitudanganye, TOT walipoingia na vyombo vile vipya Muungano walibaki wanatoa macho!

#23 Mkosoaji Na. 1
Na vyombo vile vilitoka wapi? TOT ilikuwa kundi la CCM. Mmethibitisha hoja ya Kapteni Dola bila kujua.

#24 mpenzi wa mipasho
Haya ya siasa mimi simo. Nilikuja kwa taarabu.

#25 Mtu wa Lang'ata
Turudi kwa mada, wadau. Hakuna aliyetaja nyota. Lupita Nyong'o wetu alianza kundi la Phoenix Players hapa Nairobi akiwa na miaka 14, akicheza Juliet. Mwaka 2016 akapeleka Eclipsed Broadway na akachukua Tony. Kwa hiyo msaka hela si prodyuza, ni uso.

#26 Mkosoaji Na. 1
Alipendekezwa tu, hakuchukua. Tony waliyopata ilikuwa ya mavazi. Ila hoja yako ina nyama. Lile igizo la Danai Gurira lilichezwa Chuo cha Yale 2009 na Lupita alikuwa mwanafunzi anayesubiri pembeni mtu augue. Baada ya Oscar likafanyika Public Theater 2015, kisha Broadway. Miaka saba igizo lilelile. Na kati ya walioliprodyusi Broadway walikuwa haohao Byrd na Jones-Harvey wa Mama Kunda.

#27 Mama Kunda
Wangu kweli. Asante.

#28 Aliyewahi Kufundwa
Sikuwa na nia ya kuandika. Nilikuwa kwenye programu moja hapa New York, sitaitaja, miezi tisa. Mlezi wangu alikuwa mtu mwema, mzungu mzee, na hakuniita kwa jina baya hata siku moja. Lakini vikao vya hela vilipoanza mlango ulifungwa, mimi nikabaki nje nikiagiza chakula cha mchana. Picha za tovuti ndizo zilinihitaji zaidi. Posho ilikuwa chini ya kodi ya chumba, nikaishi Bronx na wenzangu watatu. Mwishoni piza na cheti. Mshika Pazia, kwenye vyeti hujakosea.

Ila nikwambie upande wa pili. Siku moja walifanya usomaji wa igizo jipya kwa wawekezaji, waigizaji wamekaa kwenye viti na karatasi tu. Nikapewa kazi ya kupanga nani anakaa wapi. Nikapewa orodha ya watu sitini, na pembeni ya kila jina mwandiko wa mlezi wangu: huyu maji yenye gesi, huyu hasikii sikio la kushoto, huyu na yule waliwahi kudaiana, huyu mkewe ndiye mwenye hela. Niliipanga ile meza mara nne. Usiku ule niliwaona wote kwa sura, na mama mmoja aliniuliza natokea wapi, nikasema Arusha, akaniambia alipanda Mlima Kilimanjaro 1998.

Leo mimi si prodyuza. Nipo kwenye ofisi inayofanya hesabu na mikataba ya maigizo ya watu, nalipwa vizuri. Yule mama bado tunaandikiana kila Krismasi. Sijawahi kumwomba hata senti. Sijui ni kwa sababu sijapata igizo au kwa sababu naona aibu.

#29 Bi Kizimkazi
Pole dada, na hongera. Ile orodha ndiyo iliyokuwa shule, walikupa bila kujua wamekupa. Na aibu hiyo naijua. Sie tumelelewa kwamba kuomba hela ni kudhalilika, na prodyuza kazi yake ni kuomba hela huku anatabasamu. Mie mara ya kwanza nilizunguka jengo mara tatu kabla sijaingia.

Mshika Pazia, mwambie mpwa kabla hajasaini aulize jambo moja tu: vikao vya hela atakuwa ndani au nje? Wakisema "itategemea", abaki benki.

#30 Profesa Kanzu
Ushauri mzuri wa mtu mmoja mmoja. Lakini ukiwaingiza ndani wote ishirini, bado wanatoka kwenda kupanga foleni kwenye majumba ya wengine. Barbara Ann Teer alianzisha National Black Theatre Harlem 1968, na 1983 akanunua jengo Fifth Avenue karibu na 125th Street. Ni kwa sababu walinunua ndiyo maana wapo hadi leo, binti yake akiendesha, na 2023 walikuwa miongoni mwa maprodyuza wa Fat Ham Broadway. Aliyenunua ukuta ndiye aliyebaki.

#31 Kapteni Dola
Profesa, na ukuta ulinunuliwa kwa nini kama si mtaji?

#32 Profesa Kanzu
Kwa watu waliokubali kumfuata, Kapteni. Hela ilikuja nyuma.

#33 Mama Kunda
Na hao watu walikuwa watazamaji. Basi naenda kulala.

#34 Mshika Pazia
Wakuu, asanteni wote. Mrejesho mfupi.

Nilimtumia mpwa uzi huu. Amesoma wote, kacheka sana kwa Kobe Mzee na kreti. Akaniambia, "Mjomba, post yako ya kwanza umeandika kama unanizika." Kumbe alishapiga hesabu: akiba yake inamfikisha miezi kumi na moja, na benki amewaomba likizo bila malipo, hawajajibu. Swali la Bi Kizimkazi amelituma kwa barua pepe jana. Nalo halijajibiwa.

Halafu akaniuliza jambo. "Mjomba, usiku wa ufunguzi wawekezaji wanakaa wapi?" Nikamwambia kuanzia safu ya F hadi K, katikati. "Unawajua?" Nikafikiri. Kusema kweli nawajua. Miaka saba nawashika viwiko kwenye giza. Kuna mzee anayeombaga kiti cha pembeni kwa ajili ya goti. Kuna mama anayekuja na mdogo wake na kila mara anasahau skafu, tunamwekea. Kuna mmoja hutoka dakika kumi kabla ya mwisho, na ukiona amebaki ujue igizo ni zuri. Majina sina, sura ninazo zote, na mwenye skafu hunisalimia kwa jina langu kwa sababu limeandikwa kifuani.

Mpwa kanyamaza, halafu kasema nisimwambie mama yake kitu chochote mpaka Jumapili. Dada amepiga simu mara mbili leo. Sijapokea.

#35 Kobe Mzee
Pokea simu ya dada yako.

#36 chumvi nyingi
Mshika Pazia, kumbe wewe ndiye prodyuza. Skafu ya mama ni rangi gani tuanze mchango?

#37 mgeni mpya 88
Habari wakuu, nimechelewa. Hizo programu mtu aliyepo Dodoma anaweza kuomba? Na zinalipa?

#38 chumvi nyingi
Anza na #1 mkuu. Beba karanga.